Kuwinda Milimani Afrika Kusini: Mwongozo Kamili kwa Mkaaji wa Nairobi

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, na tangu hapo mkaaji wa Nairobi anayetaka kuwinda kihalali hana budi kuvuka mpaka. Wengi huwaza kwanza Tanzania na nyati wake. Mwongozo huu ni wa safari ya namna nyingine: siku saba hadi kumi katika milima ya mkoa wa Eastern Cape, Afrika Kusini, ukipanda na kushuka kumtafuta ribok, swala mdogo wa kijivu anayeishi kwenye miinuko ya nyasi, mawe na upepo. Wenyeji wa huko humwita vaalribbok.

Afrika Kusini inamfaa Mkenya anayeanza. Tangu Januari 2023 mwenye pasipoti ya Kenya huingia bila viza kwa hadi siku 90 katika mwaka. Ndege ya moja kwa moja kutoka JKIA hadi Johannesburg huchukua saa nne na dakika chache. Sheria nayo iko wazi: mgeni hawindi peke yake, bali chini ya mwenyeji wa uwindaji, yaani anayeandaa safari, na mwindaji mtaalamu anayekuongoza mlimani, wote wawili wakiwa na leseni ya mkoa. Milima ya mbali yenye mbuzi wa mwituni, kama ya Kyrgyzstan au New Zealand, isubiri hadi uijue miguu yako.

Safari hii huharibikia Nairobi. Anayerudi bila kitu mara nyingi aliangushwa na mapaja yaliyokataa kupanda siku ya pili, au cheti kilichosahaulika nyumbani, au risasi iliyopigwa kwa umbali ambao hajawahi kuujaribu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya miezi ya kabla ya kuondoka.

Mjue mnyama kwanza

Dume wa ribok ana uzito wa kilo 20 hivi, kama mbuzi wa wastani. Manyoya yake ni laini na mazito kama sufu, shingo ndefu, masikio marefu membamba. Dume peke yake ndiye mwenye pembe: mbili nyembamba, zimesimama wima kama misumari, urefu wa sentimita 15 hadi 25. Huishi katika kundi dogo, dume mmoja na majike kadhaa, na daima yupo mmoja aliyeinua kichwa huku wengine wakila. Akishtuka hutoa mlio mkali, hugeuka na kukimbia akiinua mkia, weupe wake ukimeta, kisha huvuka kinara, yaani mgongo wa juu wa mlima, na kutoweka. Mara nyingi hukimbilia juu. Hapo ndipo jasho lako linapoanzia.

Kwenye ofa za wenyeji, ribok huuzwa pamoja na tohe wa milimani, ndugu wa yule tuliye naye kwenye miteremko ya Hell's Gate. Ushauri wetu ni kumwacha tohe. Kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, tohe wa milimani yumo katika kundi la walio hatarini kutoweka, ilhali ribok yuko ngazi za chini zaidi, karibu na hatari. Hata kwa ribok, muulize mwenyeji ana makundi mangapi shambani, nani huyahesabu, na huwindwa madume wangapi kwa mwaka. Mwenye shamba anayelijua shamba lake hujibu papo hapo, kwa hesabu. Anayekwambia tu kwamba wapo wengi, achana naye.

Kumpata mwenyeji na kusoma mkataba

Anza miezi sita hadi tisa kabla ya safari. Msimu mzuri ni kuanzia Mei hadi Agosti, majira yao ya baridi, nyasi zikiwa fupi na kavu na mnyama akionekana kwa mbali. Mei na mwanzo wa Juni hali ya hewa ni tulivu zaidi. Julai theluji inaweza kufunga barabara za juu karibu na Barkly East na Rhodes, kwa hiyo ongeza siku mbili za akiba ukiamua mwezi huo.

Mwombe mwenyeji nakala ya leseni yake na ya mwindaji mtaalamu atakayekuongoza, kisha iulize idara ya mazingira ya mkoa kama zinatumika. Uliza pia kama ni wanachama wa chama cha wawindaji wataalamu, PHASA, na omba kuzungumza na wageni wawili aliowapeleka milimani hivi karibuni. Wageni waliowinda tambarare hawatakusaidia. Wengi hupatia nyati na kushindwa na ribok.

Malipo yana sehemu mbili: ada ya kila siku, inayolipia mwongozaji, malazi, chakula na gari, na ada ya mnyama, inayolipwa ukimpata. Sentensi ya kutafuta kwenye mkataba ni ile ya mnyama aliyejeruhiwa. Kawaida ya huko ni kwamba tone moja la damu likionekana, mnyama huyo amehesabiwa, hata asipopatikana. Hakikisha sentensi hiyo imeandikwa, tena umeielewa, kwa sababu ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi siku ya mwisho. Tazama pia kama kodi imejumuishwa, nani analipia usafiri kutoka uwanja wa ndege, bei ya mtu anayekusindikiza bila kuwinda, na nini hutokea kwa malipo ya awali ukiahirisha.

Amana tuma kwa benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye leseni. Namba ya akaunti ikibadilika ghafla kwa barua pepe, mpigie mwenyeji simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo kabla ya kutuma hata shilingi. Matapeli huvizia mazungumzo ya namna hii.

Karatasi

Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele na kurasa mbili tupu. Sheria yenyewe inaweza kuridhika na muda mfupi zaidi, lakini karani wa kaunta ya ndege ana mamlaka ya kukuzuia, na hakuna haja ya kubishana naye saa kumi alfajiri. Kama inakaribia kuisha, omba mpya kupitia eCitizen miezi mitatu kabla.

Cheti cha homa ya manjano ndicho kinachowaangusha wengi. Afrika Kusini hukidai kwa kila anayetoka Kenya, na chanjo huanza kutambuliwa siku kumi baada ya sindano. Ukichanjwa Jumatatu na kusafiri Ijumaa, cheti chako bado hakifai. Chanja kwenye kituo kilichoidhinishwa, hakikisha jina linafanana herufi kwa herufi na la kwenye pasipoti, na ukitunze: tangu 2016 chanjo moja inatambuliwa kwa maisha yote. Usinunue cheti cha barabarani.

Beba kwa karatasi, pamoja na kwenye simu: barua ya mwaliko ya mwenyeji yenye tarehe na anwani ya shamba, tiketi ya kurudi, na bima. Bima isomwe kwa makini. Nyingi za safari zinaondoa uwindaji na matumizi ya silaha kwenye orodha ya mambo zinayolipia, na nyingine zina kikomo cha mwinuko. Omba jibu la maandishi kwamba uwindaji unaoongozwa hadi mita 3,000 umefunikwa, pamoja na kubebwa kwa helikopta. Ukienda na mtoto, chukua cheti chake cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili na barua ya ridhaa ya mzazi anayebaki.

Bunduki: yako au ya kuazima?

Kwa safari ya kwanza, azima. Sheria ya huko inamruhusu mwenye leseni kumpa mgeni bunduki yake aitumie akiwa chini ya macho yake, na karibu kila mwenyeji wa milimani ana moja iliyozoea umbali wa huko. Unaokoa wiki za vibali na saa kadhaa za kukaa Johannesburg.

Lakini usiazime kama mtu anayeazima jembe. Muulize kalibari, yaani ukubwa wa risasi (.243, .270, 6.5 Creedmoor na .308 zote zinatosha kwa ribok), ukuzaji wa darubini yake, umbali iliorekebishiwa kupiga sawasawa, na aina ya risasi. Kama unatumia mkono wa kushoto, sema mapema. Kama mikono yako ni mifupi, omba picha ya kitako na kipimo kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako, ukilinganishe na bunduki uliyozoea. Tofauti ya sentimita mbili inaweza kukuletea kivuli cheusi ndani ya darubini kila unapolenga kwa haraka. Bunduki nyingi huko zina kizuia sauti mdomoni mwa mtutu. Kinapunguza mtikiso na kelele, ila kinaongeza urefu, na ukitambaa kwenye mawe utakigonga usipokikumbuka.

Anayesisitiza kubeba yake aanzie kwenye Bodi ya Leseni za Silaha hapa Nairobi, apate idhini ya kuitoa nchini na kuirudisha, kisha aiarifu kampuni ya ndege mapema na kupata jibu la maandishi. Bunduki husafiri kwenye sanduku gumu lenye kufuli, bolti, kile kipande kinachofunga chemba ya risasi, ikiwa imetolewa. Risasi huwekwa kwenye chombo chake peke yake, zisizidi kilo tano kwa abiria. Afrika Kusini wana fomu ya polisi ya kuombea kibali cha kuingiza silaha, SAPS 520: ijaze kwa wino mweusi, lakini usiweke sahihi hadi uwe mbele ya afisa wa polisi pale OR Tambo, uwanja wa ndege wa Johannesburg. Fomu iliyosainiwa nyumbani hurudishwa. Ambatisha nakala ya leseni, mwaliko, tiketi na pasipoti. Bunduki zinazojipakia zenyewe haziruhusiwi kwa uwindaji wa wageni, na risasi ni zile tu za bunduki uliyobeba, zisizozidi 200. Usipange ndege ya kuunganisha chini ya saa nne baada ya kutua. Lala Johannesburg kama inawezekana.

Wiki 12 za miguu

Mkaaji wa Nairobi ana bahati moja asiyoijua. Jiji liko karibu mita 1,800 juu ya bahari, sawa na mji wa Barkly East, kwa hiyo mapafu yako hayatashtuka kama ya mtu wa Mombasa. Uwindaji wenyewe hufanyika kati ya mita 1,800 na 2,600. Tatizo litakuwa mapaja na magoti.

Wiki nne za kwanza, siku tatu kwa wiki tembea kwa kasi saa moja Karura, au panda ngazi za jengo la ghorofa kumi mara sita, na Jumamosi nenda vilima vya Ngong na begi la kilo sita. Wiki ya tano hadi ya nane ongeza begi hadi kilo tisa, na mara mbili panda Longonot kisha uzunguke ukingo wote wa kreta. Ule mchanga unaoteleza unafundisha vifundo vya miguu kuliko mashine yoyote ya jimu. Wiki ya tisa hadi ya kumi na moja fanya siku mbili mfululizo, Jumamosi na Jumapili. Siku ya pili ndiyo mtihani, kwa sababu mlimani utatembea saa saba hadi tisa kwa siku tano zikifuatana. Wiki ya mwisho pumzika, tembea kidogo tu.

Usipuuze kushuka. Kinachochana mapaja ni mteremko wa kurudi jioni. Shuka polepole, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, bila kurukaruka, hadi misuli izoee. Kwenye Ngong nendeni kundi, na chukueni askari wa msitu awasindikize.

Vilima hivyo vina faida nyingine. Upepo wake haukomi, ndiyo maana mitambo ya umeme wa upepo imesimikwa pale. Kaa kwenye kinara, tazama nyasi zilizo miguuni pako, kisha za bonde lililo mbele, kisha za kilima cha pili. Mara nyingi utaona pande tatu tofauti: hapa zinalala kulia, bondeni zimesimama wima, ng'ambo zinalala kushoto. Risasi yako itapita katika pepo zote tatu. Jizoeze kuzisoma kwa sauti, ukimwambia mwenzako unachokiona kabla hajakitazama.

Kulenga

Fanya mazoezi kwenye uwanja ulioidhinishwa tu, kwa silaha yenye leseni. Usipoteze risasi ukiwa umeketi mezani. Milimani hakuna meza. Lala kifudifudi na kulaza mtutu juu ya begi, kisha keti na begi juu ya magoti. Kabla ya kila kundi la risasi tano, panda ngazi au kimbia dakika mbili ili moyo udunde kama utakavyodunda siku ile.

Kipimo ni sahani ya sentimita 15, kwani kifua cha ribok, mahali pa kuangusha papo hapo, hakizidi hapo sana. Umbali ambao unapiga sahani hiyo mara tano kwa tano, ukiwa unahema, ndio umbali wako. Kama ni mita 180, mwambie mwongozaji 180. Wengi husema 300 kwa sababu wanaona haya, na ribok mwenye mguu uliovunjika hulipia haya hiyo.

Hesabu mbili zikae kichwani. Ya kwanza ni upepo. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ule unaotikisa matawi madogo, husukuma risasi ya .270 zaidi ya sentimita 15 kwa mita 300. Ukilenga katikati ya kifua bila kuuhesabu, unaweza kupiga tumbo. Ya pili ni mteremko. Ukipiga kwenda juu au chini, kinachohesabika ni umbali wa mlalo. Mita 300 kwenye mteremko wa nyuzi 30 ni kama mita 260. Asiyelijua hili hupitisha risasi juu ya mgongo, akaapa kwamba darubini imegongwa. Kipima umbali cha kisasa hufanya hesabu hiyo chenyewe. Uliza kama mwongozaji anacho.

Asiye na leseni ya silaha Kenya bado anaweza kwenda. Aweke siku mbili za kwanza huko kuwa za kulenga, chini ya mwongozaji, na akubali kikomo cha mita 150 hadi 200. Itabidi atambae zaidi.

Macho yafundishwe pia. Chukua darubini ya mkono ya 8x42 au 10x42 (inayokuza mara nane au kumi) hadi Hell's Gate, ambako kutembea kwa miguu kunaruhusiwa, uketi ukitazama mteremko mmoja kwa dakika 40. Ugawe kwa mistari ya kulala, uutazame kila mstari kutoka kulia kwenda kushoto, kinyume na mazoea ya kusoma, ili macho yasiruke. Usitafute mnyama mzima. Tafuta sikio, mstari wa mgongo ulio mlalo kati ya majani yaliyosimama, kivuli chenye miguu.

Nguo na mzigo

Nusu ya mahitaji iko Gikomba na Toi, kwa bei nafuu kuliko duka lolote la vifaa vya milimani. Tafuta fulana mbili nyembamba za sufu za kuvaa karibu na mwili, sweta ya flisi, koti la manyoya jepesi linalokunjika, na jaketi la kuzuia upepo lisilopiga kelele ukilikunja. Lisugue pale pale sokoni: likilia kama karatasi ya mkate, liache. Pamba usiivae mlimani. Hushika jasho, nalo jasho hupoa unapoketi kutazama na kukutetemesha kiasi cha kutoweza kulenga. Usiku wa huko hushuka chini ya sifuri.

Nguo za madoa ya kijeshi ziache kabisa, hata zikiwa nzuri namna gani. Hapa Kenya zinaweza kukufikisha kituo cha polisi, na mlimani hazina ulazima: ribok huona mwendo kuliko rangi. Kijivu, kahawia na kijani kilichofifia vinatosha.

Viatu ndivyo visivyo na mitumba. Nunua vipya, vya kufunika kifundo, soli ngumu isiyokunjika kirahisi, na uvitembeze kilomita 80 kabla ya kuondoka. Safiri ukiwa umevivaa. Begi likipotea, suruali utaazimwa. Viatu vilivyoumbika kwa miguu yako havina mbadala.

Begi la mgongoni la kila siku lisizidi kilo nane: maji lita mbili, chakula, koti, jaketi la mvua, kofia ya sufu, glovu nyembamba ulizofanyia mazoezi ya kufyatua, taa ya kichwani na betri za ziada, plasta za malengelenge, krimu ya jua, kisu na filimbi. Kisu kisafiri kwenye mzigo unaokaguliwa. Beba adapta ya pini tatu nene za mviringo, kwani plagi za Kenya haziingii. Malaria haipo kwenye milima hiyo, lakini kupe wapo. Jikague kila jioni nyuma ya magoti na kiunoni. Homa na kidonda cheusi siku chache baada ya kurudi ni ishara ya homa ya kupe, na daktari wa Nairobi aambiwe ulikokuwa.

M-Pesa usiitegemee, huduma hiyo ilifungwa Afrika Kusini mwaka 2016. Chukua kadi ya benki na randi taslimu za kuwapa bahashishi wafuatiliaji, mpishi na mwongozaji. Muulize mwenyeji mapema kiwango cha kawaida, na kila mmoja mpe mkononi mwake.

Kufika

Saa za huko ziko nyuma ya Nairobi kwa saa moja. Kutoka Johannesburg unaruka tena hadi Bloemfontein au East London, kisha gari kwa saa kadhaa kuingia milimani. Kwenda kwa barabara kutoka Johannesburg ni kutwa nzima. Ukifika, kabla ya chochote, piga risasi tatu hadi tano kwa karatasi iliyo mita 100, hata kama bunduki ni ya mwenyeji na anakuhakikishia iko sawa. Kisha sahihi za rejista ya uwindaji ziwekwe kabla ya kutoka shambani.

Mlimani

Mnaondoka gizani. Kufikia saa moja asubuhi, jua linapochomoza, muwe mmeketi mahali penye mtazamo mpana, jua likiwa nyuma yenu. Usisimame kwenye kinara. Mwili wa mtu juu ya mstari wa anga huonekana umbali wa kilomita mbili.

Hewa ina tabia ya kila siku. Alfajiri, hewa baridi huteremka kuelekea bondeni. Jua likishika mteremko, hugeuka na kupanda. Ukimkaribia ribok kutoka chini saa nne asubuhi, harufu yako imemfikia kabla hujainua mguu. Kwa hiyo asubuhi ikishakolea, mwongozaji atakuzungusha nyuma ya mlima, hata kwa saa mbili, ili mteremke kutoka juu. Wageni hulalamikia mzunguko huu. Ukubali. Nusu saa inayookolewa kwa kukata njia ndiyo inayopoteza kundi. Katikati ya mapinduzi hayo ya hewa, kwa dakika 20 hivi, upepo huzungukazunguka; huo ni wakati wa kuketi na kunywa chai.

Kundi likionekana, kazi ni kumtambua dume mzima. Subiri ageuze uso. Masikio ya ribok yanasimama wima kando ya pembe, na hayo ndiyo rula yako: dume mchanga pembe zake ziko sawa na ncha za masikio au chini kidogo, mzee zake zinapita juu kwa uwazi usiohitaji kubishaniwa. Mkianza kunong'onezana "labda", jibu ni bado. Angalia pia aliye nyuma yake, kwa maana risasi hupenya mwili mdogo namna ile na kumjeruhi jike.

Mita mia za mwisho ni za kutambaa. Bunduki iwe bila risasi chemba hadi mwongozaji aseme. Ukifika, weka begi, laza mtutu, kisha usifyatue. Pumua mara tatu au nne. Uliza umbali, uliza upepo, rudia namba kwa sauti ya chini ili wote wawili mhakikishe mmesikilizana. Mnyama akiwa ubavu, lenga ukipanda na mstari wa nyuma wa mguu wa mbele hadi theluthi ya kifua kutoka chini. Akiwa amekuelekeza matako, subiri. Akianza kutembea, subiri. Akivuka kinara, ameshinda, na kesho ipo.

Baada ya risasi

Pakia nyingine papo hapo ukiwa bado unatazama ndani ya darubini. Usisimame, usishangilie. Aliyepigwa kifua hurukia mbele na kuanguka baada ya mbio fupi. Aliyepigwa tumbo hujikunja mgongo na kutembea polepole, na huyo apigwe tena mara moja kama anaonekana. Kabla ya kuinuka, chagueni alama mbili, jiwe na kichaka, zilizo kwenye mstari wa mahali aliposimama. Ng'ambo ya bonde kila jiwe hufanana, na mmoja wenu abaki juu akielekeza kwa mikono.

Msomaji Mwislamu azungumze na mwongozaji siku ya kwanza. Bismillahi itajwe kabla ya kufyatua, na mnyama akikutwa hai achinjwe. Waongozaji wengi hukwepa kukata koo kwa kuhifadhi ngozi ya shingo ya mapambo. Wakijua mapema kwamba wewe unataka nyama halali, watakukabidhi kisu bila mabishano.

Nyama hubaki shambani, ikaliwa na wafanyakazi na wageni, nawe kula jioni hiyo maana ribok aliyechomwa kwa makaa ana ladha nzuri. Usibebe hata kipande cha nyama kavu kuja Nairobi. Afrika Kusini imekuwa na milipuko ya ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo, na bidhaa za nyama haziingii Kenya bila kibali cha Idara ya Mifugo.

Pembe nazo ziache. Kuziingiza nchini bila kibali cha KWS ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, na kisingizio cha kwamba umewinda kihalali kwingine hakikuondolei kosa hilo. Piga picha nzuri: mnyama amefutwa damu, ulimi umerudishwa mdomoni, wewe umeketi nyuma yake bila kumkalia. Pima pembe kwa utepe, andika tarehe na kilele, umwachie mwenyeji fuvu. Kabla ya kufunga begi, safisha soli za viatu kwa brashi na maji ya sabuni hadi mbegu na matope yote yatoke, kausha, na pekua mifuko yote ya nguo mara mbili kutafuta risasi iliyosahaulika. Moja tu ikionekana kwenye mashine ya kukagua mizigo ya mkononi, ndege itaondoka bila wewe. Aliyekwenda na bunduki yake apite kwa polisi wa OR Tambo na kibali chake kabla ya kupanda, na akitua JKIA aitangaze kwa maafisa kabla ya kutoka ukumbi wa mizigo.